Mkaa Bure si Sawa na Mtembea Bure

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni matembezi. Sizungumzii safari za kikazi, wala safari za misiba na harusi, ambazo Mtanzania hata awe hana senti mfukoni atakopa nauli na kwenda. Nazungumzia yale matembezi ya kutoka nyumbani jioni, au siku ya Jumapili, pamoja na mke, mume, watoto au wazazi, mkaenda kuuangalia mji mnamoishi, halafu usiku mkalala vitandani mwenu.

Nianze kwa kujishitaki mwenyewe, kabla sijamnyooshea mtu kidole.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimoja nje ya Itigi, katika Mkoa wa Singida. Mwaka 1996 nilikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nikapata kazi, nikaoa, nikapanga nyumba Kimara. Mwaka 2011 mama yangu mzazi alikuja kwangu kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaoweka ukungu ndani ya jicho, kidogo kidogo, mpaka mtu anabaki kuona mwanga na vivuli tu. Alipasuliwa jicho la kwanza, baadaye la pili, na namshukuru Mungu yote mawili yakaona. Alikaa kwangu miezi mitano. Katika miezi hiyo mitano, mama alizijua njia mbili tu za Dar es Salaam: ya kwenda hospitali na ya kurudi.

Siku ya kuondoka tulikuwa stendi ya Ubungo alfajiri, yeye amekwisha kuketi dirishani, mimi nimesimama chini. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza jambo lisilo na maana, "Mwanangu, hiyo bahari yenu iko upande gani?" Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya mapaa ya nyumba. Akatazama upande ule kwa muda, akasema, "Haya." Basi likaondoka.

Wasomaji wangu, macho yale yalifunguliwa Dar es Salaam, na mimi sikuyapeleka kilomita kama 15 tu yakaione bahari.

Sababu nilikuwa nazo, tena nyingi. Sina nafasi, fedha ni za dawa, foleni ni ndefu, Jumapili nimechoka. Lakini hebu tupige hesabu. Kutoka Kimara hadi Feri ilikuwa ni daladala mbili. Ukifika pale unapanda kivuko cha kwenda Kigamboni, kwa nauli ndogo inayolipwa na wauza samaki na wanafunzi kila siku. Kivuko kinavuka mdomo wa bandari, meli kubwa zinapita karibu, upepo wa chumvi unakupiga usoni, na dakika chache baadaye uko ng'ambo. Unanunua mhogo wa kukaanga wenye pilipili na chumvi, unakaa mchangani saa moja, unarudi. Nusu siku imekwisha, na fedha iliyotumika haifiki ile niliyokuwa naitumia kwa soda na nyama choma mwisho wa mwezi. Tangu mwaka 2016 mambo yamekuwa mepesi zaidi, maana mabasi ya mwendokasi yanatoka Kimara mpaka Kivukoni, hatua chache kutoka majini. Mimi nilikwisha kuhama.

Basi swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: kwa nini watu wa mjini hatutembei?

Sababu ya kwanza ni kwamba tumezoea kufikiri starehe ni kitu cha kununua. Mtu akisema "jana nilitoka", tunaelewa kwamba alikwenda baa au hotelini, na akatumia fedha. Asiyekuwa na fedha hiyo anabaki ndani, akijiona kama mtu asiye na haki ya kutoka. Kumbe upepo wa jioni haudai risiti.

Sababu ya pili, tunaamini kwamba vitu vya kutazamwa viko mbali, na vimewekwa kwa ajili ya wageni. Tukisikia neno utalii, mawazo yanakwenda Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro. Kilicho nyuma ya nyumba zetu hatukihesabu, kwa sababu hakuna aliyekuja na ndege kukiona.

Sababu ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, wengi wetu tuliingia mjini kuchuma, hatukuingia kuishi. Tunajua njia ya kazini, ya sokoni na ya kituo cha basi, basi. Mtu anakaa mjini miaka 20 akiwa bado mgeni, anangoja siku ya kurudi kwao ndipo apumzike. Na akirudi kwao anakuta watoto wa jirani wanamwuliza, "Shikamoo, wewe ni nani?"

Wapo wenzetu ambao jambo hili wamelielewa. Nenda Unguja jioni, ufike Forodhani. Utawakuta watalii, ndiyo, wamezunguka meza za mishkaki na urojo. Lakini utawakuta pia wenyeji na watoto wao, na wazee wa kanzu wameketi wakipunga upepo, wakiwatazama vijana wanavyojirusha baharini. Wale si wageni wa mji wao. Kigali nako, tangu mwaka 2016, zipo asubuhi za Jumapili ambapo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, watu wakazijaza kwa miguu na baiskeli, kuanzia mawaziri hadi watoto. Hakuna kiingilio wala tiketi. Kinachotakiwa ni kuamka tu.

Sasa nije kwetu Singida, maana najua mko mnaosema moyoni, "Hayo ni ya Unguja na Dar es Salaam, sisi tuna nini?"

Nilirudi Singida mwaka 2015, nikapanga nyumba mjini. Mji huu si kijiji tena. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 150,379 katika Manispaa, na tangu hapo nyumba zimezidi kupanda kila upande. Binti yangu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, aliniuliza wiki ya kwanza tu, "Baba, Singida kuna nini?" Nikamjibu, "Kuna ndugu zako na kuna alizeti." Nilipokwisha kusema hivyo nikaona haya. Ilikuwa dhahiri kwamba na mimi mwenyewe sijui kuna nini. Jumapili iliyofuata tukatoka kwa miguu.

Tulianza na majabali. Mgeni yeyote anayeingia Singida kitu cha kwanza anachokiona ni mawe makubwa, mengine yamebebana kama mtoto mgongoni, mpaka unajiuliza ni nani aliyeyapanga. Hakuna aliyeyapanga. Mawe haya ya matale ni miongoni mwa mawe ya kale sana duniani, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2. Yalianza yakiwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, yakapoa taratibu na kuwa magumu. Baadaye udongo na miamba iliyokuwa juu yake ikalika kwa mvua na upepo. Mawe yakapasuka nyufa, maji yakaingia katika nyufa, yakazila pembe zake polepole mpaka zikawa za mviringo. Udongo uliokuwa kati yake ulipochukuliwa na maji, yakabaki yameketi moja juu ya jingine kama tunavyoyaona. Mwanza wana jiwe lao la Bismarck, limejaa katika picha na kadi za posta. Sisi tunayo mengi, tunaanikia nguo.

Ukipanda jabali dogo saa kumi na moja jioni unauona mji wote. Utawaona pimbi wakiota jua, na mijusi yenye vichwa vyekundu ikipiga vichwa juu na chini kama inayosalimia. Lakini tahadhari: usipande wakati wa mvua, kwa sababu jiwe lililolowa huteleza kama sabuni, wala usisimame juu yake wingu la radi likiwa linakuja.

Kutoka hapo, twende ziwani. Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai. Ni miji michache yenye bahati ya namna hiyo, na bado wako watu waliokaa hapa miaka kumi ambao ziwa wameliona kwa dirisha la basi tu. Mgeni huwa anauliza, iweje mji wenye maziwa mawili watu wake wahangaike na ndoo? Jibu ni kwamba maji yale ni ya chumvi. Ziwa la maji baridi, kama Victoria, linapokea mito na linatoa mto, kwa hiyo maji yake hutembea. Maziwa yetu hupokea tu, hayatoi. Mvua inaposhuka juu ya mawe na udongo inabeba madini kidogo, inayaleta ziwani. Jua linayachukua maji, madini yanabaki. Jambo hilo likirudiwa maelfu ya miaka, unapata ziwa la chumvi na magadi. Kwa sababu hiyo pia ziwa hujaa na kupungua kulingana na mvua, na kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayowaleta wageni wetu wenye miguu mirefu, ndege heroe, ambao wengi tumezoea kuwaita flamingo. Katika maji ya magadi huota viumbe vidogo sana vya kijani, huwezi kukiona kimoja kwa jicho. Heroe huinamisha kichwa, mdomo ukiwa juu chini, akachuja maji na kubakiza chakula hicho. Rangi iliyomo katika chakula ndiyo inayoyafanya manyoya yake yawe ya waridi. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana karibu wote katika Ziwa Natron, huko Mkoa wa Arusha, kisha husambaa katika maziwa ya magadi wakifuata chakula, na safari zao nyingi ni za usiku. Kwa hiyo mtu asikuahidi kwamba utawakuta. Jumapili hii wamelijaza ziwa, Jumapili ijayo hakuna hata mmoja. Binti yangu aliwaona mara ya nne tulipokwenda. Siku hiyo ndipo alipoacha kuniuliza Singida kuna nini.

Ipo pia sehemu ambayo hatuihesabu kuwa ni matembezi, nayo ni soko. Kwenda sokoni na orodha ni kazi, lakini kwenda bila orodha ni starehe. Simama mahali panapouzwa asali na uulize. Muuzaji atakueleza kwamba asali ya nyuki wakubwa ni nzito na tamu sana, na ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi na ina uchachu kwa mbali. Atakudondoshea kidogo kiganjani uonje. Angalia vitunguu vilivyorundikwa, angalia mafuta ya alizeti. Na ukitoka nje ya mji kati ya Machi na Aprili, mashamba ya alizeti huwa yamechanua, ni ya njano mpaka macho yanachoka.

Na ukipita karibu na Uwanja wa Liti, ambao zamani uliitwa Namfua, usipite kimya ukiwa na mtoto. Mwaka 2017 Singida United ilipopanda Ligi Kuu, watu wengi wa nje waliujua uwanja huo kwa ajili ya mpira. Mwambie mtoto kwamba Liti lilikuwa jina la mwanamke, shujaa wa Wanyaturu, na simulizi za wazee husema aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Mtoto anayesikia habari hiyo akiwa amesimama mahali penye jina hilo hataisahau.

Sasa niseme namna ya kutembea, maana hata jambo jema linahitaji utaratibu.

Kwanza, chagua siku na uitangaze nyumbani mapema. Matembezi yanayoanza kwa "tutaona" hayafanyiki. Pili, chagua saa. Singida mchana jua ni kali, na upepo wetu mnaujua, unavua watu kofia. Toka asubuhi, au subiri saa kumi jioni. Katika miezi ya Juni na Julai chukua sweta, kwa kuwa mji uko juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua likizama baridi haichelewi. Tatu, chagua mahali pamoja. Ukitaka kumaliza mji wote kwa siku moja utarudi na watoto wanaolia. Nne, beba maji ya kunywa na kitu cha kutafuna, karanga au muwa. Tano, wadogo wasiingie ziwani, kwa sababu tope la kando linazamisha mguu, na heroe wasirushiwe mawe. Ndege anayefukuzwa kila saa hana muda wa kula.

Na la sita ni kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida anajulikana mpaka Dar es Salaam. Ni kuku aliyetembea, amekula nafaka na wadudu, misuli yake imekaza, ndiyo maana mchuzi wake una ladha na ndiyo maana haivi haraka. Watu huketi mezani saa mbili wakimlaumu mama lishe bure. Fanya hivi: mpitie mama lishe unapokwenda, mwagize, halafu nenda ziwani. Ukirudi kuku ameiva na njaa nayo imeiva.

Huenda mtu akasema, "Ndugu, wewe una nafasi ya kutazama ndege, sisi tunatafuta ada za shule." Namwelewa. Mimi pia nilikuwa hivyo miaka 19. Lakini nimejifunza kwamba shida hazikuisha kwa sababu nilikaa ndani kuzilinda. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, maana mtembea huenda akaokota.

Mwaka 2016 nilimleta mama mjini kutoka Itigi. Safari hii sikungoja aulize. Jumapili saa kumi nikaita bajaji, tukampakia yeye, binti yangu, mkeka na chupa ya chai ya maziwa, tukaenda Singidani. Gharama yote haikufika shilingi 10,000. Tukamketisha penye kivuli cha jiwe. Akatazama maji kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Maji yote haya, na watu wananunua ndoo?" Mjukuu wake akamweleza habari ya chumvi. Hakusadiki, akaomba tumchotee kidogo kiganjani, akaonja, akatema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Halafu akaniuliza, "Na bahari ndiyo hivi?"

Nikamwambia, "Ndiyo hivi, mama, ila ng'ambo yake haionekani."

Akasema, "Basi nimeiona."

Sikumbishia. Lakini tulipokuwa tukikunja mkeka, mama aliinama akaokota chupa mbili za plastiki zilizokuwa pembeni, si zetu, akaziweka katika kikapu. Mifuko ya plastiki ilikuja kupigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini chupa bado zipo, na taka za nyumbani bado zinashushwa mitaroni, na mvua inajua njia ya ziwani. Nilikumbuka yale niliyoyasema ya ziwa lisilo na njia ya kutokea. Kama chumvi inaingia na haitoki, na uchafu nao vivyo hivyo.

Hapo ndipo jambo hili dogo linapoacha kuwa dogo. Watu hulinda kitu wanachokijua. Ufukwe usiotembelewa na wenyewe, siku ukimwagiwa taka, au siku mtu akiuzungushia ukuta, hakuna atakayeuliza, kwa kuwa hakuna atakayegundua. Mtoto aliyekaa pale na bibi yake akionja maji ya chumvi ataona, na atauliza.

Basi, ndugu msomaji, uwe Singida, Mwanza, Nairobi au Dar es Salaam, nakuomba Jumapili hii umwulize mtu mmoja nyumbani kwako, hasa mzee au mgeni aliyekuja kutibiwa, "Katika mji huu, kitu gani hujakiona?" Halafu usimwonyeshe kwa kidole. Mpeleke.